Riwaya za zamani za kijasusi na za kutisha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali naulizwa sana na watu wanaotaka kuanza kusoma vile vitabu vidogo vya kava laini vya miaka ya 60 mpaka 80, vile vya bastola na mdada kwenye kava, au fuvu na mshumaa. Nimeyaweka pamoja hapa. Naanza na vya Kiswahili kwa sababu ndo vinapotea haraka na ndo vinaniuma roho, afu nitagusa vya Kiingereza ambavyo vilisomwa mno huku kwetu. Kama una swali moja tu ruka uende kwenye hilo swali, si lazima usome yote.

Hivi vitabu vina miaka 40, 50. Kwanini nihangaike navyo wakati vipya vipo?

Kwa sababu kila zama zina hofu yake, na mwandishi wa riwaya ya kijasusi aliishika hiyo hofu ikiwa bado ya moto. Kitabu cha historia kitakwambia Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, kitakwambia Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, aliuawa hapohapo Dar tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu kilichokuja kama kifurushi. Sawa, umejua tarehe. Ila hakikwambii mtu wa kawaida alikuwa anajisikiaje kuishi kwenye mji wenye wapigania uhuru kutoka Msumbiji, Angola, Rhodesia, Namibia na Afrika Kusini, huku anajua fika kwamba kati ya hao wageni wapo waliotumwa kuja kuwamaliza wenzao. Sasa 1974 Elvis Musiba anatoa Kufa na Kupona, anamleta Willy Gamba, mpelelezi Mtanzania ambaye kwenye sehemu kubwa ya mfululizo anapambana na mawakala wa makaburu, na msomaji wa Dar aliyekinunua hakuhitaji kuelezwa makaburu ni nani wala bomu la kifurushi likoje, alishasikia redioni miaka mitano tu nyuma. Ukikisoma leo ukiwa na hilo kichwani kinabadilika kabisa, kinakuwa na joto lake.

Na pia vinasomeka bwana. Vingi ni kurasa 100 na kitu mpaka 200, unamaliza wikiendi moja.

Sijawahi kusoma hata kimoja. Nianze na kipi?

Inategemea unapenda nini, ila mimi ushauri wangu huwa ni huu. Kama unapenda kufikiri, kutegua fumbo, anza na vitabu vya mpelelezi Bwana Msa vya Muhammed Said Abdulla. Cha kwanza ni Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957/58 na kikachapwa 1960, kwa hiyo ni kitabu cha kabla hata ya uhuru. Mwandishi alikuwa mtu wa Unguja, alishakuwa mkaguzi wa afya, alishakuwa mhariri wa magazeti, baadaye akahariri jarida la Mkulima mpaka alipostaafu 1968, na unaliona jicho la mkaguzi kila ukurasa: Bwana Msa na kiko chake hapepesi macho, anaangalia nyayo, anaangalia nani kasema nini mara mbili tofauti. Baada ya hapo kuna Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na vingine.

Kama unataka mbio, risasi, ndege, hoteli, pasi za bandia, nenda kwa Musiba moja kwa moja: Kufa na Kupona, kisha Kikosi cha Kisasi (1979), kisha Njama (1981), halafu Hofu. Ni vizuri kufuata huo mpangilio ila si lazima, kila kimoja kinajitegemea.

Kama unataka mji usiku, baa, matajiri wachafu, polisi waliochoka, basi ni Ben Mtobwa. Dar es Salaam Usiku ndo mlango mzuri zaidi, na hiyo ilifika mbali mpaka ikatafsiriwa kwa Kiingereza.

Halafu ukishanogewa tafuta Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, 1965. Ile ni muhimu kwa sababu ni kati ya za mwanzo kabisa za upelelezi upande wa bara. Hebu fikiria tu kichwa cha kitabu: mwaka 1965 simu ya nyumbani walikuwa nayo wachache sana, kwa watu wengi ilikuwa ni kitu cha ofisini na cha wakubwa, na mwandishi akachukua hicho kitu kigeni, cha kisasa, cha heshima, akakifanya ndo chombo cha kuleta mauti.

Willy Gamba na Joram Kiango wanatofautianaje? Mbona wengine wanasema ni walewale?

Hapana, si walewale hata kidogo, na hili swali nalipenda sana.

Willy Gamba ni mtu wa serikali. Anatumwa, ana bosi, ana nchi nyuma yake, anaruka mipaka ya Afrika kwa kazi ya taifa na adui yake yuko nje, ana jina na bendera. Ni wakati ule ambao mtu anaweza kuandika neno 'ukombozi' bila aibu na kila msomaji akaelewa na akasimama upande huohuo. Joram Kiango, mpelelezi wa Mtobwa, anafanya kazi peke yake, si polisi, si mtumishi wa serikali, na Inspekta Kombora ambaye ndo polisi mwenyewe anamhitaji na wakati huohuo anamkasirikia. Na adui wa Joram mara nyingi yuko ndani, ni mtu mwenye pesa, mwenye cheo, anayeheshimika mtaani. Angalia tu vichwa vya vitabu vya Mtobwa: Pesa Zako Zinanuka, Salamu Toka Kuzimu, Mikononi mwa Nunda. Mtobwa alizaliwa 1958, yaani alipokuwa anaandika miaka ya 80 ni kijana aliyekua kwenye foleni za sukari na sabuni, ulanguzi, vita vya Kagera vimeisha na hazina imekauka, kwa hiyo hofu imehama, imetoka mpakani imekuja dukani na ofisini. Ukisoma Musiba wa 1974 afu ukasoma Mtobwa wa miaka ya 80 mfululizo unaiona nchi inageuka mbele ya macho yako, na hakuna aliyekusudia kukufundisha hilo.

Jambo lingine watu hawalijui, hawa wote wawili walikuwa na maisha mengine makubwa. Musiba alikuwa mfanyabiashara, akafika kuongoza chemba ya wafanyabiashara ya Tanzania, TCCIA, amefariki 2010. Mtobwa alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko, akawa anaandika na anachapa na anauza mwenyewe, amefariki 2008 akiwa na miaka 50 tu.

Za kutisha je? Kwa Kiswahili zipo kweli au ni za upelelezi tu?

Zipo ila zimekaa tofauti na za wazungu, usitegemee kitabu kizima cha mzuka unaokimbiza watu kwenye nyumba. Kwetu jini na mzimu na mchawi wako kwenye simulizi za jioni tangu enzi, hawakuhitaji kava, kwa hiyo waandishi wa riwaya walivyokuja walichukua hiyo hofu wakaiingiza kwenye kisa cha upelelezi. Bwana Msa ndo mfano mzuri kuliko yote. Mzimu wa Watu wa Kale kinaanza na maiti isiyo na kichwa imekutwa mahali pa mzimu wa ukoo, yaani mahali ambapo watu huenda kwa adabu na woga kuomba wazee wao, na mtaa mzima unajiuliza je mzimu umeua? Giningi nayo kwa simulizi za Zanzibar ni kwa wachawi, mtu akilitaja jina hilo usiku wenzake wanamnyamazisha. Mwandishi anakuachia hiyo baridi mgongoni, anaacha ikae, halafu anamleta Bwana Msa na maswali yake ya taratibu. Sitasema kinachotokea. Nasema tu kwamba kusoma sura za mwanzo usiku na sura za mwisho mchana ni uzoefu wa namna yake.

Kina Hammie Rajab na Eddie Ganzel nao waligusa giza hilo kwa namna zao. Kijasho Chembamba ya Ganzel jina lake tu linatosha.

Na vya Kiingereza? Baba alikuwa na rafu nzima ya James Hadley Chase.

Baba zetu wengi! Chase alisomwa Nairobi, Kampala, Arusha, Mombasa, kwenye mabweni kitabu kimoja kinapita mikono ya darasa zima. Jina lake la kweli ni René Raymond, Mwingereza, 1906 mpaka 1985, alianza 1939 na akaandika riwaya zaidi ya 80, karibu zote za majambazi wa Marekani, nchi ambayo aliijua zaidi kwa ramani na kamusi za lugha ya mitaani kuliko kwa kuishi. Hilo halipunguzi utamu. Chase alijua kitu kimoja vizuri mno: mtu wa kawaida anafanya kosa moja dogo la tamaa kwenye ukurasa wa 10 na mpaka ukurasa wa 150 kamba imemkaba. Ukitaka kujifunza namna ya kujenga kisa, msome.

Ila kitu ninachowashauri watu ni kusoma viwili viwili, cha kwetu na cha kwao vya wakati mmoja. Mwaka ule ule wa 1974 wa Kufa na Kupona, Uingereza Frederick Forsyth alitoa The Dogs of War. Humo tajiri wa madini wa Kiingereza anawakodi mamluki wapindue serikali ya nchi ya Afrika ya kubuni, Zangaro, kwa ajili ya platinamu, na msomaji anawekwa upande wa wale mamluki, anafundishwa hatua kwa hatua silaha inanunuliwaje, meli inakodiwaje, karatasi zinaghushiwaje. Ni kitabu kizuri sana kiufundi na sitakudanganya. Ila kisome usiku mmoja na usiku unaofuata msome Willy Gamba, ndo utaelewa kwamba Mwafrika aliyekuwa anasoma mwaka huohuo alikuwa anaogopa hao hao watu wanaofanywa mashujaa upande wa pili. Na si hadithi tupu, mamluki wa Mike Hoare walishapiga vita Kongo miaka ya 60, na Novemba 1981 huyohuyo Hoare akatua Ushelisheli na watu wake wakijifanya ni klabu ya wanywaji watalii, silaha zimefichwa kwenye mabegi, wakagundulika uwanja wa ndege.

Kwa upande wa Kenya msisahau Spear Books, mfululizo ulioanzishwa na Heinemann Nairobi 1975, vitabu vyembamba, bei ya chini, hadithi za jiji. My Life in Crime ya John Kiriamiti (1984) ilitokea humo, na huyu alikuwa mwizi wa benki kweli, aliiandika akiwa gerezani. David Maillu alijichapia mwenyewe kupitia Comb Books miaka hiyohiyo ya 70, vitabu vyake vikauzwa kama njugu, na 1976 Tanzania ikavipiga marufuku. Ukivikuta chukua.

Horror za Marekani na Uingereza za miaka ya 70, zipi za kweli?

Tatu ndo zilifungua mlango: Rosemary's Baby ya Ira Levin (1967), The Exorcist ya William Peter Blatty (1971), na baadaye kidogo Carrie ya Stephen King (1974). Baada ya hapo wachapishaji wa Marekani na London wakaona pesa, wakamwaga vitabu vya kutisha kwa miaka kama 20, kava jeusi, herufi zilizonyanyuka, mtoto mwenye macho ya ajabu, mifupa. Mwanzoni mwa miaka ya 90 soko likaporomoka.

Mimi ninayempenda kwenye hao ni James Herbert, The Rats, 1974 tena, mwaka huo ulikuwa na mambo. Panya wakubwa wanaotafuna watu London mashariki. Herbert alikulia hukohuko East End, kwenye nyumba mbovu na vifusi vilivyoachwa na vita, na hasira yake kwa serikali iliyowaacha watu maskini waishi na panya iko kila mahali kwenye kile kitabu. Watu wanakiona cha damu tu. Kisome taratibu uone jinsi anavyomtambulisha kila mhusika kwa kurasa mbili tatu, maisha yake yote, upweke wake, makosa yake, unaanza kumhurumia, ndo panya wanafika.

Wanawake wanaandikwa vibaya sana humu, na kwenye vya wazungu kuna ubaguzi. Tunavisomaje?

Kweli kabisa, na hakuna haja ya kuvitetea. Mwanamke kwenye hizi riwaya mara nyingi ni chambo, au ni zawadi, au ni maiti ya sura ya kwanza, na hata Willy Gamba anaelezea miili yao kwa namna ambayo dada zangu wakisoma wanafunga kitabu. Kwenye Chase na Ian Fleming, yule wa James Bond, utakuta mtu mweusi anaitwa majina ya matusi. Mwaka 2023 vitabu vya Bond vilitolewa upya baadhi ya maneno yakiwa yamebadilishwa, kwa hiyo nakala ya zamani unayoikuta barabarani ndo iliyo kama ilivyoandikwa.

Mimi nasoma nikiwa macho. Hofu ya zama ni pamoja na hiyo, yaani wanaume wa 1975 walikuwa wanaogopa nini kuhusu binti wa mjini mwenye kazi yake, mshahara wake, nguo fupi na uhuru wa kusema hapana? Soma riwaya kadhaa za mjini za kipindi kile na utaona yule binti anaadhibiwa karibu kila mara. Hiyo ni taarifa nzito kuhusu sisi. Ila kama kitabu kinakuumiza kiache, hakuna mtihani.

Kiswahili chake si kigumu? Bwana Msa nilishindwa ukurasa wa tano.

Musiba na Mtobwa ni rahisi, utateleza tu. Bwana Msa ndo anahitaji subira kwa sababu kile ni Kiunguja chenyewe, mazungumzo marefu, mafumbo, mtu anajibu swali kwa methali na mwenzake anajibu kwa nyingine. Fanya hivi: soma kwa sauti. Yale mazungumzo yameandikwa kwa ajili ya sikio, ukiyasikia unaelewa nani anamkejeli nani hata kama maneno mawili matatu hujayajua. Na tumia kamusi ya zamani, Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya 1981 ikibidi, ina maneno ambayo wakati ule yalikuwa ya kawaida.

Navipata wapi?

Dar, wauza vitabu wa barabarani mjini Posta, na siri ni kwenda mara kwa mara na kufahamiana na muuzaji, mwambie unatafuta nini kwa jina la mwandishi, maana yeye anapokea mizigo kutoka nyumba za watu waliohama au waliofariki na vya Kiswahili vya zamani huwa anaviweka chini kabisa akiamini havina mteja. Nairobi, wanaotandaza chini na vibanda vya mjini kati maeneo ya Tom Mboya na Moi Avenue, huko Chase na Alistair MacLean, mwandishi mwingine wa riwaya za hatari na ujasusi, na Spear Books unavikuta kirahisi zaidi ya Dar.

Kusoma bila kununua: Maktaba Kuu ya Taifa Dar, ile ya barabara ya Bibi Titi iliyofunguliwa 1967, na maktaba ya Chuo Kikuu Mlimani kwenye kitengo cha East Africana. Kwa walio London, maktaba ya SOAS ina vitabu vingi vya Kiswahili vya kipindi hicho. Piga simu kwanza uulize utaratibu, kwingine huruhusiwi kutoka nacho.

Bei gani ni halali?

Angalia vitu vitatu: kava lipo, kurasa za mwisho zipo, ni toleo la kwanza au marudio. Kikiwa na vyote vitatu lipa alichosema bila kelele sana. Kisicho na kava ni cha kusoma tu, bei yake iwe ya kahawa.

Kuna mtu ana PDF anazigawa bure, nichukue?

Naelewa, kitabu hakipo dukani na unataka kusoma. Ila sheria Tanzania na Kenya inalinda kazi kwa miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Muhammed Said Abdulla amefariki 1991, Mtobwa 2008, Musiba 2010, piga hesabu mwenyewe, zote bado zinalindwa. Kuskani nakala yako mbovu ili usiishike kila siku ni kitu kimoja, kusambaza kwenye magrupu ya watu elfu ni kitu kingine, na mchapishaji akiona kitabu kinazunguka bure hana sababu ya kukirudia. Kama unakipenda waandikie wachapishaji, watu wakiomba wengi huwa wanasikia.

Nikikifungua kurasa zinachomoka. Nifanyeje?

Hivi vitabu havikushonwa, vilikatwa mgongo vikapakwa gundi ya moto, na hiyo gundi ikishazeeka inakuwa ngumu na inakatika. Kwa hiyo usikifungue mpaka kilale wazi mezani, hapo ndo unakiua. Kishike mkononi, kifungue kama nusu ya kawaida, kikiwa hakijafunguliwa muda mrefu anza kwa kufungua kurasa chache za mbele, chache za nyuma, za mbele tena, ukielekea katikati polepole.

Ukurasa uliochomoka usiweke selotepu jamani. Gundi ya selotepu inageuka njano halafu kahawia, inapenya karatasi, miaka 10 mbele plastiki imebanduka na doa limebaki. Chukua gundi nyeupe ya maji, ipake kwa kijiti cha kiberiti kwenye ukingo wa ndani wa ukurasa, uzi mwembamba tu, rudisha ukurasa mpaka uguse mgongo, hakikisha umelingana na wenzake juu na chini, funga kitabu, weka karatasi ya nailoni pande zote mbili za huo ukurasa ili usigandane na majirani, afu weka kitu kizito juu mpaka kesho yake. Kama zimechomoka nyingi fanya chache chache kwa siku.

Kurasa za njano na ile harufu je?

Unjano hauondoki. Karatasi ilikuwa ya bei ya chini, ya mbao, ndani yake mna lignini na asidi, vikikutana na mwanga na hewa rangi inabadilika na karatasi inakuwa dhaifu. Unachoweza ni kupunguza kasi: mbali na dirisha, mbali na jiko, visimame wima visiegemee.

Harufu nzuri tamu tamu ya kitabu cha zamani ni hiyo karatasi inavyochakaa. Harufu ya unyevu ni ukungu, hiyo ni kesi nyingine, hasa kwetu tunaoishi Pwani. Kitenge kitabu peke yake, kikaushe kivulini penye upepo siku kadhaa, kikikauka kabisa kipeleke nje na umefunga pua na mdomo, ukipanguse kwa brashi laini. Usikianike juani. Usikifunge kwenye mfuko wa plastiki kikiwa na unyevu. Kikiwa na wadudu, kiwe kikavu, kifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, kiweke friza kama wiki mbili, ukikitoa usifungue mfuko mpaka kirudi joto la kawaida, la sivyo matone ya unyevu yatajikusanya kwenye karatasi. Mchwa hao ni wa kuhamisha rafu tu, isiguse ukuta wala sakafu.

Nimekuta kitabu kina maandishi ya watu, majina, mihuri. Kimeharibika?

Hapana! Nina nakala moja ya Njama ambayo ukurasa wa mbele una majina yamepangwa kama orodha ya zamu, kila jina na kalamu yake, la mwisho lina mstari chini na maneno 'irudi kwangu kabla ya mitihani'. Ndani, sura ya katikati, mtu kapigia mstari sentensi moja tu na pembeni kaandika 'uongo'. Kwa ubavu kuna alama za vidole zenye mafuta, nadhani ni ya mandazi, kuanzia pale mambo yanapochacha mpaka mwisho, kwa maana aliyekuwa anakula hakukiweka chini. Hiyo ndo kumbukumbu ya jinsi vitabu hivi vilivyosomwa, watu wengi nakala moja, kwa haraka, kwa zamu, na hakuna maktaba iliyoandika hayo popote. Usifute, usichane.

Mbona havichapwi tena?

Mambo mengi yamechangamana. East African Literature Bureau ambayo ndo ilichapa vingi vya mwanzo iliondoka na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977. Miaka ya 80 karatasi ilikuwa shida Tanzania, wachapishaji wakabaki na kile chenye soko la uhakika, yaani vitabu vya shule. Na hapo ndo penye kidonda. Kitabu kikiingia kwenye orodha ya shule kinachapwa kila mwaka, kinachambuliwa, kinahifadhiwa. Riwaya ya kijasusi iliitwa 'pendwa', neno zuri kabisa, ila vyuoni mara nyingi lilitamkwa kwa kuishusha, kwamba ni burudani, haina uzito. Kwa hiyo kilichosomwa na watu wengi kwa hiari yao ndo kilichotunzwa kidogo. Marekani kuna kampuni kama Valancourt inayorudia kuchapa riwaya za kutisha za miaka ya 70 na 80 zilizosahaulika, na zinanunuliwa. Sisi marudio yapo machache, baadhi ya Mtobwa, baadhi ya Bwana Msa, mengi yako kwenye maboksi tu.

Naweza kumpa mtoto wa sekondari?

Bwana Msa mpe bila wasiwasi. Musiba na Mtobwa soma wewe kwanza, kuna vitanda na damu, kwa kidato cha tatu kuendelea sioni shida mkizungumza baadaye.

Marehemu baba kaacha boksi zima. Sijui nianzie wapi.

Pole kwa msiba. Kwanza usiuze kwa jumla na usimruhusu mtu achague 'viwili vitatu' kabla hujajua una nini. Toa vyote, vipange sakafuni juu ya shuka, piga picha kava la mbele na ule ukurasa wa ndani wenye jina la mchapishaji na mwaka. Andika orodha: jina, mwandishi, mwaka, hali yake. Vyenye ukungu weka pembeni siku hiyohiyo. Vya Kiingereza vya Chase, MacLean, Forsyth vilichapwa kwa mamilioni, hivyo gawia ndugu, soma, uza ukitaka. Vya Kiswahili vya kabla ya 1990 simama kidogo, hasa vya wachapishaji wadogo wa Dar ambao walichapa mara moja wakafunga, inawezekana nakala yako ni kati ya chache zilizobaki. Ulizia maktaba ya chuo kama wanayo, kama hawana fikiria kuwapa au walau waiskani kwa ajili ya hifadhi yao. Na kabla ya yote hayo chukua kimoja, kile ambacho mgongo umechakaa kuliko vyote maana hicho ndo mzee alikirudia, ukisome.